Pistoni ya Mlango wa Jikoni

Siku tulipomuzika Papa Kashindi, mlango wa jikoni yake ulikuwa unashikiliwa na kitu ambacho minye nilifikiri kilikwisha kutupwa ziwani kabla sijazaa mtoto wangu wa kwanza. Nilikuja na beseni la sabuni, kwa sababu matangani wengine wanaleta unga, wengine kuni, na minye watu wa Nyamianda wananijua kwa sabuni. Sahani za kilio hazijioshi. Nikapita nyuma ya nyumba nikaweke beseni jikoni, nikajikwaa. Nikaangalia chini nione ni jiwe gani hilo. Haikuwa jiwe. Ilikuwa pistoni ya mashini ya boti, na ule mkono wake mrefu wa chuma ungali umeshikana nayo, na kichwa chake kimeliwaliwa kama muhindi ulioachwa na mtoto asiye na meno ya mbele. Nikakaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Mama Feza, mujane wa Papa Kashindi, akafikiri ni uchungu wa kilio, akanishika bega. Ulikuwa uchungu kweli, lakini si ule aliofikiria yeye.

Neno ninalolitafuta nitalisema mara moja, maana nikianza kuzunguka nazunguka mpaka chakula kinapoa. Mwaka mmoja wa ujana wangu nilifanya kazi katika garaji ya Papa Kashindi, kazi ya kuosha vyombo vya mashini. Hiyo pistoni na zingine tatu, dada zake, ziliharibika mikononi mwetu, kwa sababu muntu alizitia ndani ya pipa ambalo hazikupaswa kuingia. Aliyefukuzwa ni Rukema, mwenzangu wa kuosha. Na minye, tangu siku ile mpaka leo, sijui kama ni Rukema alizitia ama ni minye. Nikisema hivi watu wanacheka, wanasema mama anaficha. Siko naficha. Hilo neno nimelitafuta sawa kipande cha sabuni ndani ya maji machafu: unakigusa, kinateleza, unakigusa tena, na mkono unatoka mutupu.

Garaji ilikuwa upande wa Kalundu, karibu na bandari, kibanda cha mabati chenye vyumba viwili na uwanja wa nyuma ulioteremka mpaka majini. Leo usiende kuitafuta. Ziwa lilipopanda miaka hii lilichukua uwanja, likachukua kibanda, na sasa pale ambapo nilikuwa nawasha moto wangu watoto wanaogelea. Wakati ule minye nilikuwa napika sabuni ya mawese, na nilikuwa napita na kibeseni kuuzia mafundi, maana hakuna mikono inayomaliza sabuni kama mikono ya fundi. Siku moja nikakuta fundi wa pili, Bosco, amekaa juu ya tairi, anaparua tumbo la mashini, lile wanaita bloki, kwa kipande cha msumeno uliovunjika. Mafuta yalikuwa yameungulia pale miaka na miaka mpaka yakageuka gamba, jeusi, gumu. Wao waliita kalamini. Bosco aliniambia ile ni siku ya ine anaparua. Minye, na mdomo wangu, nikasema nikileta pipa langu la sabuni hiyo kitu inatoka kabla maharage hayajaiva.

Wakacheka. Papa Kashindi hakucheka. Alikuwa muntu mrefu, mwembamba, anasikiliza akiwa amefumba jicho moja. Akaniuliza ndani ya pipa ninatia nini. Nikamwambia, sodi, ile ile tunayopikia sabuni, maji na moto. Kesho yake nikaviringisha pipa langu kutoka Nyamianda mpaka Kalundu, watoto nyuma yangu wakiimba, na tukazamisha bloki kwa mnyororo. Saa ya chakula tukalivuta. Lilitoka la kijivu, safi, sawa samaki aliyetoka majini sasa hivi. Unaona hata herufi zilizoandikwa kiwandani. Bosco akalizunguka mara mbili. Papa Kashindi akapitisha kidole, akakiangalia, akakipangusa kwenye suruali ingawa hakikuwa na kitu, akasema, "Weye, mwali, kesho uje mapema."

Ndivyo nilivyoingia. Sikusoma zaidi ya mwaka wa pili wa primeri, na mule ndani walianza kuniita fundi. Fundi Zawadi. Mwanamuke. Sitasema uongo, hilo jina lilinilevya kuliko pombe ya kasiksi. Nikipita sokoni nilikuwa sioshi vizuri grese ya kwenye viwiko, makusudi, ili watu waone. Kumbuka hilo, maana litarudi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mashini ikifunguliwa, vyombo vyake vyote ni vyeusi. Kuna grese laini, ile inatoka kwa mazuti, mafuta ya dizeli, na brosi. Kuna mafuta yaliyokauka, hayo unaloweka, unapangusa kwa mchanga wa ziwa na kitambaa. Halafu kuna kalamini, ambayo haiogopi mazuti wala mchanga, inaogopa sodi peke yake. Lakini sodi ina sheria, na hiyo sheria kila mupika sabuni wa pwani hii anaijua hata amelala: sodi haipendi sufuria. Pipa la chuma, sawa. Sufuria ya aluminiyomu, inaila. Minye mwenyewe nilikwisha kusahau sodi ndani ya sufuria ya jirani, na nilipoirudia ilikuwa chujio. Kwa hiyo nilijua. Hapo ndipo aibu inakaa, nilijua.

Shida ni kwamba chuma na aluminiyomu zikivaa kalamini zinafanana sawa mapacha. Papa Kashindi alitufundisha tusiangalie. Alisema, macho itawadanganya, pimeni na mukono. Rukema alikuwa anakaa kwenye meza, mbele yake beseni la petroli ya taa na brosi ndogo; yeye ndiye alikuwa anaosha vitu vya aluminiyomu, polepole, kwa kuparua na kipande cha mti ili visikwaruzike. Vyombo vikitoka chumba cha mafundi vinapita kwanza mkononi mwake. Ananyanyua, anapima, anasema "nyepesi," kinabaki kwake. Anasema "nzito, ya Zawadi," kinaingia kwenye kikapu cha nyaya na kuwekwa chini karibu na pipa, na minye nakitundika kwenye ndoano, nakizamisha. Siku nzima hivyo. Nyepesi. Nzito, ya Zawadi. Mpaka nikilala nilikuwa nasikia.

Rukema alikuwa ametoka Rurambo, kule juu kwenye baridi, kwenye ng'ombe. Alikuwa rika langu, ana mabega ya muntu wa kubeba na vidole vya muntu wa kukamua, na pengine ni vile vidole Papa Kashindi alivipenda, vilikuwa vinajua uzito. Alikuwa anakuja na kibido kidogo cha maziwa ya kuganda, anakiweka kwenye kivuli cha mabati. Saa sita tulikuwa tunakula pamoja sote wane, bugali ya muhogo kwenye sinia moja na ndagala za kukaanga, mikono inanuka petroli hata uioshe namna gani, na mpaka leo bugali isiyonuka petroli kidogo naiona kama imekosa chumvi. Rukema ndagala zilimushinda. Alikuwa anakula bugali na maziwa yake, pembeni. Bosco alimuchokoza kila siku.

"Weye unaogopa kasamaki kamekufa?"

"Kako kananiangalia," Rukema anajibu. "Ng'ombe ukimupika, haleti macho kwenye sahani."

"Kula hayo macho, njo utaona na nyuma."

"Nyuma iko nini ya kuona? Iko weye."

Hata Papa Kashindi alikuwa anatema bugali kwa kucheka. Bosco yeye alikuwa anacheka na mdomo, macho hayacheki. Minye niliona, nikanyamaza. Nilikuwa nimeanza kujifunza kunyamaza.

Nisamehe, kuna jambo la vidole lazima niliseme hapa, kama sivyo nitalisahau. Sodi ilikula ncha za vidole vyangu zikawa laini sawa yai. Tulipoenda kujiandikisha kwa karata ya uchaguzi, kale kamashini ka kuchukua alama za vidole kalinikataa. Kijana wa ofisi akaniambia, mama, nenda unawe. Nikanawa. Kakakataa. Akaniambia nipanguse na pagne, kitenge nilichojifunga. Kakakataa tena, na laini ya watu nyuma yangu wananung'unika. Akaniuliza, mama, weye ulikuwa unafanya kazi gani? Nikamwambia nilikuwa fundi mekanisiye. Laini nzima wakacheka, na minye nikacheka nao, lakini njiani nikirudi nikajiuliza kwa nini nilijibu vile wakati nimepika sabuni miaka yangu yote, na garaji ulikuwa mwaka mmoja tu.

Sasa siku yenyewe. Kulikuwa na boti moja ya mbao, kubwa, inabeba watu na muhogo kwenda upande wa Baraka. Mashini yake ilikuwa inatoa moshi mweusi, ikaletwa kwetu, ikafunguliwa. Mwenye boti alikuwa muntu mnene, mwenye sauti ndogo ya kushangaza, na alikuwa ameahidi kupeleka watu wa harusi Baraka siku ya posho, ndiyo jumamosi. Kati ya uwanja wangu na chumba cha mafundi kulikuwa na bati moja tu, lenye matundu ya misumari, na kila neno la mule ndani nilikuwa nalisikia kama napewa. Asubuhi ile nilimusikia akisema ameapa mbele ya baba ya bibi-arusi. Papa Kashindi akamujibu kwamba siku ya posho atatembea. Mwenye boti akauliza tena, akajibiwa tena. Alipotoka, nikasikia Bosco anauliza kitu kwa sauti ya chini, nyundo ikapiga juu yake, sikukishika. Jibu la Papa Kashindi nililishika: "Wacha tu bile, saa imeenda." Nikafikiri wanaongea juu ya chai.

Nikachukua ndoo, nikateremka ziwani kuchota. Pale majini nikakuta akina mama wanafua, na mafuta ya kikapu changu cha jana yalikuwa bado yanaelea, yale marangirangi, yameshika shuka nyeupe ya mama mmoja. Akanitukana. Aliniita fundi wa sketi. Aliniuliza kama nitamuzaa mtoto ama nitamuzaa bujia, ile plagi ya mashini. Wenzake wakacheka, na minye nikajaza ndoo yangu. Nilipanda na ndoo kichwani, kifua kinawaka.

Na toka hapo nina kumbukumbu mbili, na zote mbili ni zangu, na haziwezi kuwa za kweli zote.

Katika moja, nafika, naweka ndoo. Vikapu viwili vya nyaya viko chini, kimoja karibu na pipa, kingine karibu na meza. Rukema hayuko, ameenda mbele. Nashika kile kilicho karibu na pipa, bado najibizana moyoni na yule mama wa shuka. Waya unanikata kidole. Kikapu ni kizito, nasema moyoni, nzito, natundika, nashusha. Katika ile ingine, niko bado kwenye mteremko, ndoo kichwani, na naanza kusikia pipa kutoka mbali, linaguruma. Nafika, povu tayari linamwagika pembeni, na Rukema amesimama mbele yake, mikono inaning'inia, na kikapu tayari kimo ndani. Ile ya kwanza nina kidole kilichokatika. Lakini nilitundika vikapu mia na mia mwaka ule, na vidole nilikatika mara nyingi. Ile ya pili nina ndoo. Lakini ndoo nilibeba kila siku. Unaona? Hakuna kumbukumbu hata moja yenye mashahidi.

Kuanzia povu, huko nakumbuka vizuri. Nilifikiri moto umezidi, nikavuta kuni zote, nikazitupa mbali. Pipa halikupoa. Liliendelea kuchemka bila moto, peke yake, linapanda, linatema, na juu ya povu vinapita vimwali vidogo vya moto, pap, pap, sawa karanga kwenye kikaango. Hapo nikajua. Nilikwisha kuona sodi ikila sufuria. Sauti ni ile ile. Tukavuta kile kikapu, minye na Rukema, sodi inaturukia mikononi, tukakimwaga kwenye mchanga. Pistoni ine. Mikono yao ya chuma ilitoka safi kabisa, inang'aa. Vichwa vyao vya aluminiyomu vilikuwa vimeoza. Kalamini yote ilikwisha kutoka, hilo lazima niseme. Zilikuwa safi sana.

Papa Kashindi akatoka, akaangalia. Bosco nyuma yake. Hakukuwa na pistoni za namna ile Uvira. Zilikuwa za kutafutwa Bujumbura, na siku ya posho ilikuwa kesho kutwa. Papa Kashindi akauliza, bila kupaza sauti, "Ni nani?"

Rukema akaniangalia. Hakuangalia kama muntu anayeshitaki. Aliangalia kama muntu anayeuliza njia. Na minye nikaangalia chini. Kwenye mchanga kulikuwa na magamba ya ndagala, naweza kukuhesabia hata leo. Bosco akasema, "Huyu muntu wa ng'ombe, anajua nini ya mashini." Nikasikia hilo neno linapita juu ya kichwa changu, likatafuta pa kukaa, na minye sikulifukuza. Nilikuwa najiambia, Zawadi, hauna hakika, utasemaje kitu usicho na hakika nacho? Hiyo ilikuwa kweli. Lakini chini ya hiyo kweli kulikuwa na ingine, na nimezeeka, naweza kuisema: nilipenda jina la fundi, na nilijua nikilipoteza nitabaki na lile la yule mama wa shuka.

Papa Kashindi akafumba jicho moja. Halafu akamwambia Rukema, "Rudi kwenu." Basi. Rukema akaosha mikono kwa sabuni yangu, polepole, hata katikati ya vidole, akachukua kibido chake kwenye kivuli, akaondoka. Maziwa yalikuwa hayajanywewa. Niliona yanatikisika mpaka alipokata kona. Watu wa harusi walienda Baraka na boti ya muntu mwingine.

Niliendelea mpaka mvua. Vyombo nilipima mwenyewe sasa, nyepesi, nzito, na hakuna aliyekuwa anasema kwa sauti. Saa sita tulikula watatu, na sinia ilikuwa kubwa. Papa Kashindi hakunigombeza hata siku moja. Alikuwa mpole kwangu kupita zamani, na huo upole ulinichanganya zaidi, maana nilifikiri anajua ni minye, halafu nafikiri kama anajua kwa nini alimufukuza mwingine, halafu nafikiri basi hajui. Siku moja niliviringisha pipa langu kurudi Nyamianda, na hakuna aliyeniuliza.

Haya. Nilirudi kwenye kilio cha Papa Kashindi siku ya tatu, siku ya kuondoa matanga. Chini ya shiti, lile turubai la kilio, wanaume walikuwa wamejaa kwenye viti vya plastiki. Na pale mwisho, kwenye kivuli cha ukuta, mzee mmoja mwenye fimbo na kofia, na kati ya miguu yake kibido cha maziwa. Sura sikuitambua. Kibido nilikitambua. Barabara ya kule juu siku hizi si ya kupita upendavyo, na yeye alikuwa ameteremka siku mbili kwa ajili ya muntu aliyemufukuza. Nikaenda jikoni, nikaondoa pistoni mlangoni, nikaibeba kwenye pagne, nikaenda nikakaa karibu naye.

"Papa Rukema," nikasema. "Minye Zawadi."

"Najua. Unanuka sodi bado."

Nikafunua pagne. Akaichukua, akaigeuza, akaweka kidole pale kichwa cha pistoni kinapokutana na ule mkono wa chuma.

"Mukono wake haukutolewa," akasema.

Ilichukua muda hiyo kuniingia, kwa sababu niliangalia hiyo kitu siku ya maziko, nikalia juu yake, na sikuona. Pistoni haiendi kuoshwa na mkono wake. Fundi anavitenganisha kwanza, mkono wa chuma unakuja kwa sodi, kichwa kinaenda kwa petroli. Kuvitenganisha ilikuwa kazi ya Papa Kashindi mwenyewe, hakumuachia hata Bosco. Zikija zimeshikana hivi, chuma inaivuta chini, aluminiyomu haisikiki. Mkono wowote utasema nzito. Nikasikia tena lile bati lenye matundu, na sauti nyuma yake: wacha tu bile, saa imeenda. Bile, vile zilivyo, zimeshikana.

Nikamwambia Rukema niliyoyasikia nyuma ya bati. Akatikisa kichwa polepole. Mama Feza, aliyekuwa anapita na maji ya kunywa, akatuona na hiyo kitu, akasema tusiitupe tafadhali, marehemu hakupenda iguswe. Asubuhi zote alikuwa anaisogeza yeye na mguu wake, na siku mtoto mmoja alipotaka kuiuza kwa wanunuzi wa vyuma, alimukaripia mpaka mtoto akalia. Marehemu alimwambia, "Hiyo ni ya minye." Yeye Mama Feza hakujua kwa nini.

Ungefikiri hapo nilipona. Sikupona. Nikamuuliza Rukema kitu kile kile nilichokuja nacho. "Sasa nani alikitundika? Ni weye, ama ni minye?"

"Minye sikumbuke," akasema. "Nakumbuka kukiweka chini. Kukitundika, sijue. Nimefikiri sana, nikaacha." Akainamisha kofia. "Minye nakumbuka weye kuangalia chini."

Alilisema bila hasira, sawa muntu anayekuambia kamba ya kiatu imefunguka.

Desturi yetu ya kuondoa matanga ni kwamba mzee wa familia anasimama, anauliza kama kuna yeyote aliye na neno kati yake na marehemu, alitoe sasa, lisifukiwe. Mzee akasimama, akauliza. Mmoja akasema la shamba, mwingine la mbuzi. Minye nikasimama. Wanawake wakanivuta pagne, wakidhani nataka kuimba. Nikaanza vibaya. Nilianza na sabuni, nikaingia kwenye pipa, nikapotea kwenye mama wa shuka, nikataja sufuria ya jirani, na huko nyuma mlango wa jikoni, kwa vile nilikuwa nimeuondolea kizuizi, ulikuwa unapiga kwa upepo wa ziwa, pa, pa, na kila ukipiga nasahau nilipofikia. Wanaume wakaanza kuangaliana. Mzee akasema kwa heshima, mama, tumeshukuru, kaa.

"Mumuache amalize," Rukema akasema.

Basi nikamaliza. Nikasema kulikuwa na mashini ya boti iliyoharibika katika garaji ya marehemu, na watu wa Kalundu wote walisema ni huyu papa aliiharibu kwa sababu ametoka kwenye ng'ombe. Nikasema haikuwa hivyo. Nikasema labda ni minye, sijui, na marehemu naye alikuwa na sehemu yake, lakini siku aliyouliza ni nani, nilikuwa pale, nina mdomo, na niliangalia chini. Nikasema huyu muntu alikuwa anajua kupima kuliko sisi wote. Halafu sikujua namna ya kuondoka katika maneno, nikakaa tu.

Mzee akaita wa kufuata. Rukema alikuwa bado ana pistoni kwenye magoti. Akaishika kwa mkono mmoja, akafumba macho, akainyanyua kidogo, akaishusha, akainyanyua, vile vile.

"Nzito," akasema. "Hata leo ningeileta kwa pipa."

"Na minye ningeitundika," nikasema.

Akaiweka chini kati ya viti vyetu viwili. Akafungua kibido, akanimiminia kwanza. Tulikuwa bado tunakunywa Mama Feza alipokuja, akainama, akaichukua pistoni, akaenda kuuzuia nayo ule mlango uliokuwa unatupigia kelele.